Begi la Usukani na Maziwa ya Bibi Nyangi

Nyie watatu mna swali moja tu tangu nirudi. Hamkuuliza kama nilianguka. Hamkuuliza kama magoti bado yapo. Mnauliza begi liko wapi. Najua mlichanga, najua mlihangaika kulituma kwa basi mpaka huku Tarime, na najua Tumaini alisema tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kupewa kitu kizuri. Haya, kaeni niwaeleze. Na wewe Tumaini usiandike chochote kwenye kundi mpaka nimalize.

ITIRYO: BEGI LINACHAGULIWA, KISHA LINAFUNGWA VIBAYA

Mnakumbuka mlinitumia picha za mabegi matatu ya kufunga kwenye usukani, mkaniambia nichague. La kwanza lilikuwa refu na la mviringo, la kukaza kwa mikanda, kama mtu amefunga mto wa kulalia mbele ya baiskeli. La pili lilikuwa dogo, la kuwekea simu na miwani, na mimi miwani sina. La tatu lilikuwa na umbo la sanduku, lina mfuniko, halipitishi maji, na lina kile kitu kilichonimaliza: kitufe. Unabonyeza, kwa! Begi linachomoka kwenye usukani, unalitundika begani, unaingia nalo popote kama mtu mwenye heshima zake. Nikawaandikia: hilo hilo! Ningejua kitufe kile kingenifanya nini, ningechukua mto.

Mimi nililitaka kwa ajili ya kuzurura likizoni. Bibi Nyangi, mama mwenye nyumba wangu, alipoliona tu akalitaka kwa ajili ya kibuyu.

Niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kitu. Bibi Nyangi ana mdogo wake anaitwa Bibi Ghati, aliolewa Kisaka, ng'ambo ya Mto Mara, kule Serengeti. Marehemu mama yao aliacha ng'ombe mmoja. Bibi Nyangi akabaki naye. Mdogo akaomba ndama, mkubwa akajibu kwamba ng'ombe amekufa bila kuzaa. Baadaye mdogo akasikia kwamba ng'ombe alizaa, na aliyezaliwa naye akazaa. Tangu hapo hawajasemezana, na wote wawili sasa ni vikongwe.

"Nataka umpelekee maziwa," Bibi Nyangi akaniambia. "Ya huyu mjukuu wa ng'ombe wa mama. Aonje. Atajua."

"Bibi, si umpe kijana wa bodaboda, atafika leo leo."

"Bodaboda anavunja watu, sembuse kibuyu!"

Kibuyu chenyewe kilikuwa cha mama yao, cheusi kwa moshi wa miaka mingi. Akakijaza mtindi mpaka shingoni, ili usichezecheze njiani. Kwenye keria ya nyuma hakutaka hata kusikia, maana pale kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye mzigo. Mbele, kwenye begi, kingening'inia na ningekuwa nakiona. Kisha akanishika mkono.

"Sikiliza, Nesi. Chombo hakirudi kitupu. Akimimina maziwa yangu akaweka ya kwake, tumepatana. Asipomimina, rudi nacho kilivyo. Nitajua tumemalizana."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matembezi tu, sasa nimekuwa mjumbe wa amani, na amani yenyewe ni ya majimaji.

Kazi ya kufunga begi nikampa Marwa, fundi baiskeli, aliyekaa Sirari mpaka Kiswahili chake kikavuka mpaka wa Kenya na kusahau kurudi. Baiskeli yangu mnaijua: nzito, ya zamani, breki zake si za waya bali za vyuma vinavyopita chini ya usukani. Ukibana, vyuma vinavutwa juu na breki inashika ringi.

"Madam, hii kitu iko na shida kidogo tu," Marwa akasema, maana begi lilikuwa linakaa juu ya vyuma. Akachonga vipande viwili vya mti, akavibana katikati ya usukani na kile kishikio cha begi, ili begi lisogee mbele. Akapima nafasi kati ya begi na tairi. "Ngumi moja. Inatosha."

"Ngumi ya nani? Yako au yangu?"

Tukapima tena. Ngumi yake ni sawa na sufuria, yangu ni kikombe. Tukakubaliana kati ya hapo. Mwisho akakata mpira wa tyubu ya zamani, akaupitisha chini kuzunguka begi lote, akakaza kwa meno ili lisirukeruke. Nikazunguka nalo uwanja wa zahanati mara moja, wagonjwa wakapiga makofi. Mimi na Marwa tukaridhika kabisa, na wote wawili tulikuwa tumekosea.

ITIRYO MPAKA KEWANJA: NAPANDA MLIMA AMBAO HAUPO

Mimi mtu wa Makete. Milima nimezaliwa nayo, sijawahi kuiogopa. Kwa hiyo nilipoona jasho linanitoka kwenye barabara iliyonyooka, nikasema ni uzee. Mbele kidogo nikasema ni ugali wa asubuhi. Nilipoanza kupitwa na bibi mmoja aliyebeba kuni kichwani, anatembea kwa miguu, nikasema kuna kitu.

Bibi yule alinipita, akageuka. "Pole, Nesi. Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi shuka utembee, utafika mapema."

Sikushuka. Kichwa ngumu mnanijua. Nikakanyaga nikiwa nimesimama kwenye pedeli, ulimi nje. Wanaume waliokaa nje ya kibanda cha chipsi wakaanza kunishangilia, "Kaza, Nesi! Kaza!" Mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Hawa wa mikoani hawajala ugali wa muhogo, mura. Wali haupandi baiskeli."

Niliposhuka hatimaye, kwa hasira, nikaona gurudumu la mbele haliendi. Ule mpira wa Marwa ulikuwa umepita chini ya vyuma vya breki na kuvivuta juu. Nilikuwa nimeendesha tangu Itiryo huku breki imeshika. Nikacheka peke yangu barabarani, kisha nikatukana kidogo kwa Kikinga cha kwetu, ambacho huku hakuna anayekijua.

Nikaufungua mpira. Begi likashuka, likaanza kusugua tairi na kutoa mlio, "mmmmm", mlio wa ng'ombe anayedai maji. Nikaufunga upya juu ya vyuma. Sasa breki ikakataa kushika kabisa, na hili nililigundua nikiwa tayari nimeanza mteremko, na mbele yangu kuna kundi la mbuzi. Nilipita katikati yao miguu ikiwa juu, nikipiga kengele, kibuyu kikiwa kimetulia kimya kama mzee kanisani. Mbuzi hakufa hata mmoja. Mchungaji wao alinisalimia kwa adabu zote, nadhani alidhani ndivyo tunavyoendesha kwetu.

Nilipofika chini nikaupata mkao wake: mpira upite nyuma ya vyuma, uzunguke shingo ya usukani. Ngumi moja, ya kati. Kuanzia hapo baiskeli ikawa baiskeli, ila usukani mzito unataka kwenda unakotaka wenyewe.

KEWANJA: BEGI LINAINGIA JIKONI

Marwa alikuwa ameniambia nilale kwa dada yake, Mama Chacha, pale Kewanja. Nilifika jua bado lipo, nina vumbi mpaka kwenye nyusi, malori yanapita, watu wanatoka kazini. Mama Chacha akatoka mlangoni na mikono yote miwili mbele.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa, jamani. Nilikuwa nimesubiri siku nzima kuonyesha kile kitufe. Nikalegeza mpira, nikabonyeza, kwa! Begi likachomoka. Watoto wakasema "aaah!" Nikalishika mkononi, nikaingia nalo ndani kwa madaha.

"Karibu, karibu sana. Lete mzigo," akasema Mama Chacha. Akalipokea, akapita nalo moja kwa moja jikoni.

Mimi nikaona ni ukarimu tu. Kwetu pia mgeni anapokelewa mzigo. Nikaoga, nikakaa kwenye kochi, nikaulizwa habari za Itiryo zote mpaka za kuku. Mume wake, Baba Chacha, akaingia ameshika tyubu mpya ya baiskeli, anaigeuzageuza kwa furaha. Nikawaza, ina bahati hii nyumba, tyubu ile inafanana na yangu ya akiba. Watoto wakapita wanakula biskuti. Nikawaza, biskuti zile nazo zinafanana. Akili yangu, kwa sababu ya uchovu, iliishia hapo.

Chakula kikaja: ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mzito, na nyama ya mchuzi, na pembeni vikombe vya mtindi. Majirani nao wakaja, wakakaa. Nikanywa kikombe cha kwanza. Mtindi mzito, una harufu ya moshi, unateleza wenyewe. Nikaomba cha pili. Nilipomaliza nikajifuta mdomo, nikasema kwa sauti ili mwenyeji afurahi:

"Jamani, maziwa ya Kewanja! Sijawahi kunywa maziwa kama haya."

Wakaangua kicheko wote. Mama Chacha akanipiga bega. "Nesi una utani wewe! Si hayo uliyotuletea?"

Nikamwangalia. Nikaangalia kikombe. Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya upatanisho, na majirani wamemaliza uliobaki.

Sikuweza kujizuia, machozi yakanitoka pale pale kwenye kochi la watu. Nikawaeleza yote, Bibi Nyangi, Bibi Ghati, ng'ombe wa mama yao. Mama Chacha akashika kichwa.

"Sasa Nesi, kwa nini uliingia nalo? Mzigo wa safari unabaki kwenye baiskeli. Hata ungekuwa gunia la dhahabu, hakuna wa kuligusa. Lakini mgeni akiingia na kapu mkononi, mbele ya watu, hilo kapu ni la nyumba! Mimi ningelikataaje?"

"Ni begi, si kapu. Linachomoka ili lisiibiwe!"

"Nani akuibie hapa kwangu?" Sasa na yeye akawa amekasirika, kwa haki kabisa. Baba Chacha akanyoosha mkono kunirudishia tyubu. Nikakataa, kwa jinsi alivyokuwa ameishika kwa mapenzi.

Hakuna aliyeweza kuyarudisha maziwa. Ila chombo hakirudi kitupu, na Mama Chacha si mtu wa kushindwa. Wao hawana ng'ombe. Asubuhi nikakuta kibuyu kimeoshwa, kimejaa karanga za kukaanga, na kando yake ndani ya begi amekaa kuku jike mwekundu, kichwa nje, ananitazama kama mkaguzi wa shule.

KEWANJA MPAKA NG'AMBO YA MTO: MPANGO WA KUDANGANYA

Kuku ni mzigo mgumu kwa usukani. Maziwa yanakaa. Kuku ana maoni. Akiona mti mzuri upande wa kushoto, anaegemea kushoto, na baiskeli nayo inakwenda kushoto. Tulipofika darajani akayaona maji ya Mto Mara, akapanua mabawa yote ndani ya begi, nikavuka kwa miguu nikisukuma baiskeli huku nimemfunika na kitenge. Watu waliokuwa darajani walitupisha kwa heshima.

Njia nzima nilikuwa nawaza uongo. Msinihukumu. Maziwa ni maziwa, nikajiambia. Nikipata mtindi mwingine, nikautia kwenye kibuyu kile kile chenye moshi ule ule, nani atajua? Bibi Ghati hajaonja ya kwao miaka mingi. Nikaona boma lenye ng'ombe wengi, na mzee nje anachonga mpini wa jembe. Baadaye nilijua anaitwa Mzee Wambura.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

Safari hii nimekwisha kuelimika. Begi nikaliacha kwenye baiskeli, nikaingia mikono mitupu, nikaomba mtindi. Mzee akasimama mlangoni, akaliangalia begi, akaniangalia mimi. Kuku akalia.

"Mbona mzigo umebaki?"

"Ni wa safari, baba."

"Wa safari na unalia?" Akamwita mke wake aje aone. "Huyu mgeni amekuja na kuku, amemwacha nje juani, na yeye ameingia kuomba maziwa."

Wakanitazama wote wawili kwa huruma kubwa, kama mtu aliyelelewa vibaya. Nikatoka mbio, nikabonyeza kitufe, nikaingia nalo. Mama akapokea, akaenda jikoni. Kuku hakumchukua, akasema anataka kutaga, asisumbuliwe. Akachukua karanga zote, na kibuyu kikarudi na mtindi, lakini nusu tu, kwa sababu ndama wao walikuwa wadogo. Nilishukuru kama mtu aliyepewa shamba.

Kuanzia pale barabara ilikuwa ya changarawe, ina matuta madogo madogo yasiyokwisha, yale yanayotikisa meno. Kibuyu kilikuwa nusu. Kikawa kinachezacheza, chubwi, chubwi, chubwi, mpaka Kisaka. Nyie mnaotoka kwenye ng'ombe mmekwisha kujua kilichotokea. Mimi kwetu tunalima viazi.

KISAKA

Bibi Ghati ni mrefu, mwembamba, amenyooka. Nilimkuta anaanika mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa." Hakuuliza. Alikuwa anakiangalia kibuyu, shingo yake imechungulia kwenye begi pembeni ya kuku. Alikitambua kabla hajanitambua mimi kuwa ni mtu.

Nikabonyeza kitufe kwa mara ya mwisho. Nikaingia na begi mkononi, maana hili sasa lilikuwa la nyumba kweli. Akalipokea, lakini hakwenda nalo jikoni. Akaliweka chini katikati ya sebule, akakaa akilitazama. Nikawaza: asipomimina, nitamwambia nini Bibi Nyangi?

Akamwinua kuku kwanza. Chini yake kulikuwa na yai. Akaliweka kando. Akachukua kibuyu, akakifuta kwa kanga yake taratibu, sehemu moja ya tumbo la kibuyu, kama mtu anatafuta kovu analolijua. Kisha akachukua bakuli, akamimina.

Yakatoka maji maji meupe. Akatikisa. Likaanguka bonge la siagi, pwaa!

Tukaliangalia.

"Dada yangu amenitumia siagi?"

Mpango wangu wote wa uongo ukayeyuka. Ningeweza kudanganya kwa maziwa, lakini kwa siagi nilikuwa sijajiandaa. Nikasema ukweli wote, haraka haraka, kuanzia kitufe, Mama Chacha, majirani, Mzee Wambura, mpaka barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yale ya kwetu yameishia Kewanja."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Na wewe ulikunywa?"

"Vikombe viwili."

Akanisogelea. "Yalikuwaje?"

"Matamu, bibi. Mazito. Yana moshi, halafu mwishoni yanakuwa na uchachu kidogo hivi, kwenye ulimi huku nyuma."

Uso wake ukabadilika. "Huo uchachu," akasema. "Mama alikuwa anasema ni majani ya kule mlimani." Macho yake yakajaa, na yangu yakafuata, maana nyie mnajua mimi kulia si kazi.

Kisha akaanza kucheka. Alianzia mabegani, akashika bakuli la siagi ili lisimwagike, akacheka mpaka kuku akakimbilia nje.

"Kwa hiyo wewe wa Makete umeyanywa. Watu wa Kewanja, ambao hata siwajui, wameyanywa. Hata watoto wao wamelala wameshiba maziwa ya mama yangu. Ni mimi tu!" Akasimama. "Basi kesho nakwenda kunywa mwenyewe. Nikimsubiri dada atume mara ya pili, utayanywa tena."

KURUDI

Alipanda basi, mimi nikarudi na baiskeli. Begi hakuniachia. Alitia kibuyu ndani, amekijaza maziwa ya ng'ombe wake mpaka shingoni, akaweka mtama kando na lile yai juu limefungwa kwenye kitambaa. Akaniuliza kitufe kinabonyezwaje, akakijaribu mara kadhaa, kwa! kwa! akatabasamu. Akalitundika begani akaondoka nalo. Kuku nilimpeleka kwa mke wa Mzee Wambura njiani, ili nisafishe jina langu.

Nilipofika Itiryo, niko hoi, niliwakuta wamekaa barazani bega kwa bega, kila mmoja na kikombe. Habari ya ng'ombe sikusikia ikizungumzwa. Walikuwa wanazungumza habari zangu, na waliponiona wakashindwa kumeza. Bibi Nyangi aliniita nikae, akanimiminia. Marwa naye alikuwepo, ameulizwa kuhusu ule mpira wa breki, anasema kosa lilikuwa la barabara.

Bibi Ghati alikaa mpaka ndama wa Bibi Nyangi akaacha kunyonya, akapewa, akaondoka naye. Na begi aliondoka nalo, lina ndizi na kahawa ya huku. Lilirudi na viazi vitamu. Likaenda na maharage. Juzi limerudi na samli na barua ya mjukuu anayetaka kusomea unesi. Kila likija nalisogelea, nasema, "Bibi, hili begi langu…" na Bibi Nyangi ananijibu, "Chukua, si lako? Ila tayari nimeshalijaza vya Ghati."

Ndiyo hivyo. Kwenye usukani wangu vimebaki vile vipande viwili vya mti vya Marwa, na ngumi moja ya hewa. Mkiamua kuchanga tena, chagueni lile la mikanda, lile linalofanana na mto. Lisilochomoka.